Jasho la Betri

Kwetu betri haikuwa na chaji. Ilikuwa na moto. Ikiisha tulisema moto umeisha, na ukiipeleka kwa fundi ulisema unaenda kutia moto. Sikujua neno lingine na sikuona sababu ya kulitafuta. Nilisoma mpaka darasa la tatu nikaacha, na kila kitu nilicho nacho nimekipata kwa mikono yangu na kwa kukataa kudanganywa. Lakini neno hilo moja, moto, nusura linifanye nimuue mke wangu, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake, na watu wengine ambao hawakuwa wamenikosea kitu. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, na sitajitetea.

Boma langu liko upande wa Kitui, kusini huko chini, mbali na Mutomo, mahali ambapo ukisimama kimya asubuhi unasikia Mto Athi kwa mbali. Ng'ambo ni Makueni. Wakati wa kiangazi tulivuka kwa miguu, maji yakitufika magotini, macho yakitafuta mamba. Mvua zikinyesha huko juu, hata kama kwetu halijaanguka tone, mto ulijaa maji mekundu mazito, na hapo hakukuwa na njia ila meli.

Meli ndivyo tulivyoiita. Watu wa Mombasa wakisikia watacheka, wacha wacheke. Ilikuwa mapipa sita matupu na mbao zimepigiliwa juu. Waya mnene wa chuma ulipita juu ya mto, umefungwa kwa mti huku na mti kule. Kamba mbili za mkonge zilitoka kwa meli, moja mbele na moja nyuma, zikapanda mpaka kwa waya, na kila moja ilikuwa na pete ya chuma iliyoteleza juu ya waya huo. Mwenye meli, mzee mmoja mfupi mwenye mabega ya fahali, alisimama akashika waya kwa mikono, akavuta, akavuta, na sisi tukasonga. Kamba hizo mbili ndizo zilizouzuia mto usituchukue. Ile ya mbele ikikatika, meli ingegeuka, maji yaipige ubavuni, mapipa yapinduke. Kila mtu alijua. Ndiyo maana wanawake walivuka wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ndogo, na wanaume walijifanya wanaangalia mawingu.

Kamba zote mbili nilizisokota mimi.

Nikiwa kijana nilikata mkonge kwa shamba kubwa upande wa Kibwezi, halafu wakanipeleka kwa wasokotaji, na huko ndiko nilikopata shule yangu ya kweli. Nipe kamba niipitishe kwenye vidole, nitakwambia imesokotwa na mtu mvivu au mtu wa kazi. Mwenye meli alipotaka kamba hakwenda dukani, alikuja kwangu. Na kwa kuwa sijui kuogelea, na maji mengi hunitia baridi ya tumbo mpaka leo, nilipopanda meli ile nilikaa mbele kabisa, kando ya fundo la kamba ya mbele. Kamba hiyo ilizungushwa mara nyingi kwenye gogo lililosimamishwa pale mbele mpaka fundo likawa kubwa kama kiota cha tai. Niliweka mkono juu yake mpaka tufike. Pale katikati ya maji, kitu nilichokiamini ni kile nilichokitengeneza mwenyewe.

Sasa hiyo betri. Mbuzi zilinifanyia vizuri mwaka mmoja nikanunua redio kaseti, kubwa, ya spika mbili. Ilikula mawe sita kwa mara moja, zile betri ndogo za dukani, na mawe hayo hayakumaliza wiki, kwa sababu boma lote lilikuja kusikiliza. Basi nikapata betri nzee ya lori pale Salama, kwa madereva. Ilikuwa na matundu sita juu, na vifuniko vitano. Tundu la sita nililiziba na kipande cha gunzi la mahindi. Lilikaa sawasawa, na nilijiona fundi.

Kutia moto kulifanywa ng'ambo, upande wa Makueni, kwa sokoni, kwa mtu mwenye mashini ya kusaga. Injini yake ikisaga mahindi ya watu, ilizungusha pia dainamo, na betri zilipangwa ukutani zikinguruma ndani kwa ndani. Niliipeleka asubuhi kwa punda mpaka mtoni, nikaivusha, nikaibeba begani mpaka sokoni, na jioni nikairudisha. Redio nilikwenda nayo pia. Siamini fundi mpaka nisikie.

Jumamosi ninayoisema, fundi yule aliifungua betri akasema imekauka. Akaongeza maji yake kutoka kwa chupa, akajaza mpaka shingoni.

"Mzee, usiilaze," akaniambia. "Na hayo maji yasikuguse."

"Kwani yana nini?"

"Ni makali."

"Hata pombe ni kali, na kuna watu wanaosha nayo koo kila siku."

Akacheka, nikacheka, nikaondoka. Sikuuliza makali namna gani. Mtu ambaye hakusoma, akiwa na kiburi kama mimi, haulizi mara ya pili.

Kwa meli tulikuwa mimi na wanawake wanne wa kanisa waliotoka sokoni. Mto ulikuwa wa kadiri, haujajaa sana. Mbao zilikuwa zimelowa, na hapo ndipo hofu yangu ilianza, hofu ya kijinga. Sikuogopa yale maji ya ndani ya betri. Niliogopa maji ya mto. Moto na maji, mtu yeyote anajua kinachofuata. Niliona betri ikikaa kwa mbao hizo zenye maji, moto wangu wa siku nzima utazimwa kabla sijafika nyumbani. Nikatafuta mahali pakavu palipoinuka, nikaona fundo la kamba. Nikaiweka betri juu ya fundo, nikaibana na magoti yangu kama mtu anayekama mbuzi, nikaunga waya za redio.

Kwaya ikatoka kwa spika katikati ya mto. Hakuna mtu alikuwa amewahi kusikia kitu kama hicho pale. Wale wanawake wakasahau kuogopa.

"Baba," mmoja akasema, "moto huo ukishika mapipa, sisi turukie wapi?"

"Turukie kwa mamba," mwenzake akajibu, "huko kuna baridi."

"Mamba akisikia kwaya ataokoka."

Walicheka mpaka meli ikayumba. Mimi nilikuwa nimenyooka pale mbele kama chifu. Meli ilipoyumba, gunzi likaruka. Sikuliona likianguka. Niliona tu maji yakitoka tunduni kwa mapovu, yakiteremka ubavu wa betri, yakiingia ndani ya fundo, na mengine yakinilowesha paja la kulia.

Mwenye meli naye akayaona. Alikuwa juu yangu, mikono kwa waya.

"Hiyo betri yako inakojoa."

Wanawake wakacheka zaidi. Nikasikia aibu, na aibu ikinishika mimi huongea haraka.

"Hiyo ni jasho," nikamwambia. "Betri ikijaa moto hutoa jasho kama mtu aliyelima."

"Jasho kwa kamba yangu?"

Akaachilia mkono mmoja, akachukua ndoo aliyotumia kutoa maji, akachota maji mtoni, akainyanyua kumwagia pale. Nikamshika kiganja.

"Usimwage. Utazima moto."

Akaniangalia. Ndoo ilikuwa imejaa na maji yalidondoka katikati yetu. Kama angeimwaga, kamba ingeoshwa, na nisingekuwa na kitu cha kuandika hapa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na betri, mimi ndiye niliyeisokota kamba, nani angebishana na mimi?

"Wewe ndiye unajua," akasema. Akairudisha ndoo chini.

Paja liliniwasha njia yote. Nilidhani ni upupu wa vichakani. Nyumbani nilijimwagia maji, nikavua ile suruali ya kaki nikaitupa kwa pembe ya nyumba, na redio ikaimba, na mambo yakaisha. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Wiki hiyo ikaja habari kutoka Kilungu kwamba mama mkwe wangu ameanguka kwa njia ya shambani, huko kwao kwenye vilima, na mguu umevimba hasimami. Mke wangu akasema anakwenda. Alhamisi alifua nguo zote ili asiniachie kazi, akazianika kwa miti. Ijumaa, kabla jua halijatoka, akamfunga mtoto wetu wa mwisho mgongoni, akachukua kiondo.

"Baba watoto," akaniambia mlangoni, "hiyo redio usiwapigie mbuzi. Wapikie watoto chakula kwanza."

"Nenda salama. Msalimie mama."

Sikumsindikiza. Nilikuwa na mbuzi wa kukagua. Kutoka kwetu mpaka mtoni ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mwenye mtoto mgongoni.

Jua lilipopanda kidogo nilikwenda kuchukua suruali ya kaki. Niliivuta kutoka kwa mti na mguu wa kulia ukabaki kwa mti.

Nilisimama na suruali ya mguu mmoja mkononi. Kwanza nilikasirika. Nikafikiri ni mbuzi. Nikafikiri ni mchwa, kisha sabuni. Nikaushika ule mguu uliobaki pale, na kitambaa kikaachana kwenye vidole kama karatasi iliyolowa, lakini sehemu moja tu, pale kwa paja. Chini kwa goti kilikuwa kizima. Kiunoni kilikuwa kizima. Tundu lilishuka kama njia ya maji.

Nikaangalia paja langu. Ngozi ilikuwa nyekundu, inabanduka, kwa njia ile ile.

Sikufikiri kama mtu aliyesoma, sijui wao hufikiri vipi. Mimi niliona pamba. Pamba ni uzi uliotoka kwa mmea. Mkonge pia ni uzi uliotoka kwa mmea. Suruali ilikuwa imepata kidogo, ya kulowesha paja. Fundo lilikuwa limekunywa kila kitu kilichobaki, na lilikuwa limekaa nacho tangu Jumamosi.

Nilishika mti. Nimewahi kukutana na nyati njiani, nimewahi kushikwa na askari bila kipande, kile kitambulisho, na sikuwahi kusikia mwili wangu ukinikataa namna ile.

Suruali nyingine niliyokuwa nayo ni ya suti, nyeusi, ya kanisani. Nikaivaa. Na hapa nitasema jambo la aibu kubwa kuliko yote. Kabla ya kukimbia, niliingia ndani nikatafuta kofia ya mtoto. Nilitaka niwe na sababu. Nikifika nikute kamba ni nzima, niseme, mama, mmesahau kofia, na nisichekwe. Mke wangu alikuwa njiani kwenda kufa na mimi nilikuwa natafuta kofia.

Nilikimbia. Njia ile inateremka kwa mawe na miiba, na nilikuwa mtu mzima mwenye tumbo. Nilipokuwa nakimbia nilihesabu siku. Jumapili meli ilivusha watu wa kanisa. Jumatatu ilivusha. Jumatano kuna soko dogo, ilivusha. Siku zote hizo kamba ilishika. Nikajiambia, imeshika siku tano, itashika ya sita. Halafu nikajijibu mwenyewe, kwa sababu kamba nazijua. Mto ukiwa wa kadiri, kamba hulegea, haibebi kitu. Mto ukijaa ndipo kamba hufanya kazi. Nikaanza kusikiliza nikikimbia, na kabla sijauona mto niliusikia, na haukuwa na sauti ya Jumamosi. Ulikuwa unanguruma. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu.

Nilipotokea kwa ukingo, meli ilikuwa katikati.

Niliwaona wote. Mwenye meli alisimama nyuma ya katikati, akivuta waya. Watu watano walikuwa wamekaa. Mke wangu alikuwa mbele. Alikuwa amekaa mahali pangu, kando ya fundo, mkono juu ya fundo, kwa sababu miaka yote nilikuwa nimemwambia, ukipanda kaa pale, shika pale, hapo ndipo kuna usalama. Kichwa cha mtoto kilionekana mgongoni mwake.

Nilifungua mdomo nikaufunga. Nikipiga kelele, watasimama. Wakisimama, meli itayumba. Mwenye meli akija mbele kuangalia, uzito wote utakuwa mbele. Maji yalikuwa yamevimba na yalisukuma mapipa kwa nguvu, na ile kamba ya mbele ilikuwa imenyooka kutoka kwa gogo mpaka kwa pete, haina hata mkunjo. Nilijua kamba iliyonyooka hivyo inasema nini. Nilisimama nikiwa na kofia ya mtoto kifuani, na kila mzee yule alipovuta, nilivuta pumzi, na alipobadilisha mikono niliizuia. Sikuomba. Watu huniuliza kama niliomba. Hakukuwa na nafasi kichwani ya maneno.

Mwisho meli ikagusa ng'ambo. Mke wangu akashuka, akamrekebisha mtoto mgongoni, akapanda ukingo bila kuangalia nyuma. Nikakaa chini kwa mchanga.

Halafu nikaona watu wa upande ule wakianza kupanda. Mwanamume na mbuzi wawili. Mama mzee na binti yake wakiwa na vikapu vya maembe. Mwenye meli alikuwa akiwapanga, wewe huku, wewe kule.

Hapo nilipiga kelele. Mto ukaimeza sauti yangu mbele ya miguu yangu. Nikapunga mkono, na mkononi nilikuwa na kofia. Mwenye meli akaniona, akanipungia, akaendelea kupanga watu. Alidhani nina haraka. Nikapunga kwa nguvu zaidi. Watu wakamwita mke wangu, akageuka, akaona kofia, na akanionyesha kwa mkono: kaa nayo, si kitu, jua si kali bado. Niliielewa kila ishara yake. Ile sababu yangu nzuri, niliyoitafuta nyumbani huku saa zikienda, sasa ilikuwa inawaua wale watu wa maembe.

Nikaitupa kofia mtoni. Nikasimama pale mikono mitupu.

Alichokiona mke wangu wakati huo aliniambia baadaye. Aliona suruali nyeusi. Yeye ndiye huipiga pasi, yeye ndiye huificha kwa sanduku nisiivae kwa mbuzi. Akaona mumewe amesimama kwa matope siku ya Ijumaa akiwa na suruali ya Jumapili, na ametupa kofia ya mtoto majini. Akashuka ukingo mbio. Mwenye meli alikuwa ameshashika waya. Mke wangu akaingia kwa meli, akakaa chini katikati, na mtoto, na kiondo.

"Mama, wewe si umefika?" mzee akamuuliza.

"Nimefika. Lakini meli haitoki."

"Haitoki kwa nini?"

"Sijui. Yule mume wangu hawezi kuvaa suruali ya kanisa katikati ya wiki kama hakuna kifo. Muulize kwanza."

"Nimuulize vipi, na mto uko katikati?"

"Mwangalie. Atasema na mikono."

Wakaniangalia wote, na mbuzi pia. Nikajua wananiangalia. Na mimi, mtu niliyekuwa nimekaa kwa meli ile kama chifu, nikaanza kucheza kama mtoto mbele yao na mbele ya watu waliokuwa wameshafika upande wangu kusubiri. Nikainama nikabeba kitu kizito begani. Nikakiweka chini. Nikakizungukia magoti. Nikashika sikio, nikacheza kidogo, redio. Nikaonyesha kitu kikimwagika, kikishuka. Nikapangusa jasho kwa paji la uso, nikaonyesha paja, nikararua hewa kwa mikono miwili. Kisha nikanyoosha kidole kwa fundo, na nikakiacha pale.

Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu amelewa asubuhi hii." Sikugeuka.

Kisha nikamwona mwenye meli akipiga magoti mbele. Alilishika fundo, akalipapasa kama ninavyofanya mimi. Akaingiza vidole ndani, upande wa chini ulioshika mbao, ambao jua halifiki. Akavuta kidogo tu, sikuona bega likisogea.

Akasimama akiwa amenyoosha mikono juu ili nione. Mkono wa kulia ulikuwa na mwisho mmoja wa kamba, na wa kushoto mwisho mwingine.

Watu wakashuka kwa meli polepole, mama mzee akiwa wa kwanza. Hakuna aliyesukumana. Mke wangu alibaki amekaa hapo katikati mpaka mzee alipomshika mkono.

Mzee aliazima ukanda wa ngozi kwa mtu mwenye ng'ombe, akafunga mahali pa kamba, na akavuka peke yake, jua likiwa kichwani. Nilimsubiri. Ningeweza kwenda nyumbani, sikwenda. Alishuka, akaja akasimama karibu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Ulisema jasho," akasema.

"Ndiyo. Nilisema jasho."

"Nikashika ndoo."

"Ukashika ndoo."

Alikuwa na kipande cha ile kamba mfukoni, akakitoa akakisugua kwa vidole viwili, kikawa unga wa kahawia, upepo ukauchukua.

"Jumapili nilivusha wajukuu zangu," akasema. "Watatu. Walikaa hapo."

Akaenda kukaa chini ya kibanda chake.

Nilikata mkonge kwa ua wangu siku hiyo hiyo. Nilipiga, nikaanika, nikasokota kamba mbili, ya mbele na ya nyuma pia, ingawa ya nyuma haikuwa na kosa. Nilisokota nyuzi zikiwa nyingi kuliko kawaida. Kila hatua nilirudi nyuma kuipima. Kwa mara ya kwanza nilikuwa sikiamini kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Nilipozipeleka, mzee alizipima kwa kuning'inia mwenyewe kwenye tawi, miguu hewani, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilisimama nikimwangalia. Kisha akazifunga.

Kanisani nilianza kukaa nyuma. Mbele yangu niliona migongo ya wale wanawake wanne, na ya watu waliovuka Jumatatu, na Jumatano, na watoto watatu ambao sasa nilijua ni wa nani. Waliimba. Hawakujua walichokalia. Mchungaji alipoomba watu watoe ushuhuda, nilibaki nimekaa. Habari za kamba zilisambaa, ndiyo, lakini watu walizisema kama kichekesho, mzee wa redio na jasho lake, na niliwaacha waseme hivyo.

Mke wangu alirudi mwezi ulipokaribia kwisha, mama yake akiwa ameanza kutembea na fimbo. Siku hiyo nilikuwa nimepeleka betri sokoni, tukakutana kwa meli upande wa Makueni. Mto ulikuwa umeshuka kidogo lakini bado ulikuwa na sauti. Alisimama kwanza akaiangalia kamba ya mbele, akaniangalia mimi, akaenda akakaa pale pale, mkono juu ya fundo. Mimi nikakaa katikati. Betri niliiweka kwa mbao, mbali na kamba, gunzi jipya limeshindiliwa, na bado jicho langu halikuiacha.

Tulipofika nusu ya mto, mwenye meli aliachilia mkono mmoja. Akachota ndoo ya maji, akanipa mimi.

Nikaishika. Ilikuwa nzito, maji mekundu. Mke wangu akasema bila kugeuka, "Mwaga, baba watoto."

Nikaimwagia betri yangu, maji yote, ubavuni na chini na kwa mbao kuizunguka. Mzee akanipa tena ndoo, nikamwaga tena. Maji yalipita kati ya mbao yakarudi mtoni.

Jioni nyumbani niliunga waya nikiwa na uhakika kwamba hakuna moto tena humo ndani. Nikabonyeza. Kwaya ikatoka, sauti ile ile, haikupungua hata kidogo. Mke wangu alikuwa mlangoni akimnyonyesha mtoto.

"Kumbe moto wako hauzimiki na maji," akasema.

Nikaizima kwa mkono wangu, na kwa siku nyingi sikuiwasha.